Njia Nyembamba na Ghala Kubwa

Wazee wetu walinena kwamba kizuri hakikosi ila. Msemo huu hutumika sana katika kuwapima watu, lakini ukiutazama kwa makini utaona kwamba wafaa pia kwa mitambo. Katika insha hii nataka nikusimulie, ewe msomaji, habari ya kitu kimoja kizuri kilicholeta ila kubwa. Jinsi ila hiyo ilivyoonywa mapema na onyo lisisikilizwe. Na jinsi ilivyopatiwa dawa baada ya miaka mingi, dawa ambayo hata wewe waweza kuitumia nyumbani kwenu.

Huenda umekwisha kuiona ila hiyo bila ya kujua asili yake. Fikiri nyumba moja ambayo intaneti huingia kwa waya wa simu. Jioni, binti wa nyumba anamsikiliza mwalimu wake kwa kompyuta, na sauti yaja safi. Mara kaka yake, katika chumba cha pili, anaanza kupeleka picha za arusi kwa jamaa walio mbali. Papo hapo sauti ya mwalimu yakatika, na swali la binti lafika sekunde nne baadaye, wakati darasa limekwisha kusonga mbele. Ugomvi unazuka. Binti amlaumu kaka, kaka ailaumu kampuni, na baba, aliyechoshwa na kelele, aenda kununua huduma ya bei kubwa zaidi. Je, ni nani mwenye kosa? Historia itatuonyesha kwamba hakuna hata mmoja wao. Mkosaji amekaa kimya juu ya kabati, taa zake zikimetameta.

Ili tulifahamu kosa lenyewe, yatupasa tujue kwanza jinsi habari zinavyosafiri. Kila kipitacho katika intaneti, kiwe sauti, picha au maandishi, hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti kubwa ya kawaida ina baiti 1,500, yaani biti 12,000. Vipande hivyo hupita mtambo mmoja baada ya mwingine mpaka vifike viendako. Mtambo wa nyumbani unaovielekeza huitwa ruta, na ule unaozungumza na waya wa simu huitwa modemu; aghalabu yote miwili hukaa katika kisanduku kimoja. Njia ya DSL hutumia waya ule ule wa shaba uliotandikwa zamani kwa ajili ya mazungumzo, lakini kwa mawimbi ya juu kuliko yale ya sauti. Nguvu ya mawimbi hayo hupungua kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu, na kwa kawaida njia ya kupeleka hufanywa nyembamba kuliko njia ya kupokea.

Mfano wake ni kivuko cha Likoni kule Mombasa. Magari huja kwa barabara nyingi, lakini maji huvukwa kwa feri, na feri ina kiasi chake. Magari yakizidi, foleni hufanyika ng'ambo hii. Sasa, mtu akisema, "Na tupanue uwanja wa kungojea, ili magari mengi zaidi yapate nafasi," je, feri itakwenda upesi zaidi? La, hata kidogo. Uwanja utajaa, na gari la wagonjwa lililokuja mwisho litasimama nyuma ya malori mia badala ya kumi. Uwanja huo wa kungojea, ndani ya mitambo, ni sehemu ya kumbukumbu ambamo pakiti huwekwa mpaka zamu yake ifike. Mimi nitaiita ghala. Ghala dogo ni jambo jema, kwa kuwa pakiti zikija kwa mkupuo hazipotei. Ila yake huanza pale ghala linapokuwa kubwa kupita kiasi cha njia.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwezi wa Desemba, mwaka 1985, mhandisi Mmarekani aitwaye John Nagle alitoa waraka wenye swali la ajabu: itakuwaje iwapo mtambo wa kupitisha pakiti utapewa ghala lisilo na mwisho? Watu wengi wangelijibu kwamba hapo taabu zote zitakwisha. Nagle alionyesha kinyume chake. Kila pakiti ina muda wake wa kuishi; foleni ikirefuka bila ya mpaka, pakiti zitafikia zamu yake zikiwa zimekwisha kupitwa na wakati, na mtambo utazitupa. Ghala lisilo na mwisho lingeweza kujaa shehena iliyooza.

Haukupita mwaka, na msiba ukatokea. Mwezi wa Oktoba, mwaka 1986, huko California, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilianguka ghafula. Mahali hapo pawili palikuwa mbali kwa mita zisizofika 400, umbali ambao mtoto angeupita kwa miguu kwa dakika chache. Njia iliyokuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde ilipitisha biti 40 tu. Waya haukukatika, wala mtambo haukuungua. Kilichotokea ni kwamba kompyuta zilipoona majibu yanachelewa, zilidhani pakiti zimepotea, zikazipeleka tena. Pakiti za marudio zikaongeza msongamano, msongamano ukaongeza kuchelewa, na kuchelewa kukazaa marudio mengine. Kila mmoja alikuwa akisukuma mlango, na kwa sababu hiyo hakuna aliyepita.

Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, alishirikiana na Michael Karels wa chuo kikuu kutafuta dawa, na maelezo yao yalitangazwa mwaka 1988. Dawa ilikuwa ni adabu. Kila kompyuta ianze kupeleka polepole, iongeze mwendo kidogo kidogo, na pakiti ikipotea iitambue kuwa ni ishara ya msongamano, ipunguze mwendo mara moja. Tazama, msomaji, hekima iliyomo. Katika mtandao ule hapakuwa na askari wa kusimamisha wala hakimu wa kutoza faini. Usalama wa wote ulisimama juu ya kujizuia kwa kila mmoja, na kanuni hizo, pamoja na zilizotokana nazo, zingali msingi wa intaneti hata leo.

Lakini angalia jambo moja, kwa maana ndipo ilipojificha taabu ya pili. Adabu hii yategemea habari. Kompyuta haiwezi kupunguza mwendo mpaka ijue kwamba njia imejaa, na tarishi wa habari hiyo ni pakiti iliyopotea. Miaka ilipopita, kumbukumbu za kompyuta zilipungua bei sana. Watengenezaji wa ruta na modemu wakaona kwamba kupoteza pakiti ni aibu, na kuongeza ghala ni rahisi, basi wakaongeza. Hawakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, ghala kubwa liliificha ile ishara. Kompyuta ikaendelea kusukuma, ikidhani kwamba njia ni nyeupe, na huku foleni inarefuka nyuma ya mlango.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme njia yenu ya kupeleka inapitisha biti 256,000 kwa sekunde, na ghala la modemu lina nafasi ya pakiti kubwa 100. Pakiti 100 ni biti 1,200,000. Gawanya kwa 256,000, utapata karibu sekunde 4.7. Hizo ndizo sekunde zilizolimeza swali la yule binti. Pakiti yake ndogo ya sauti ilisimama nyuma ya picha za arusi, mfano wa gari la wagonjwa nyuma ya malori.

Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, aliyekwisha kujulikana kwa kazi yake katika programu za kompyuta, alikuwa akinakili mafaili kutoka nyumbani kwake Marekani akaona mtandao wake umelegea. Alipopima, alikuta kuchelewa kwa zaidi ya sekunde moja, ingawa nyumba yake ilitumia waya wa televisheni, ulio na nafasi kubwa kuliko wa simu. Angeweza kunung'unika na kulala, kama tufanyavyo wengi wetu. Yeye alifuatilia, akawauliza wenzake waliobobea, akiwamo Jacobson mwenyewe, na akakuta ugonjwa huo huo katika njia za simu na zile zisizo na waya. Akaupa jina, bufablotu, yaani kuvimba kwa maghala. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu ule msiba wa Berkeley, na miaka 25 tangu onyo la Nagle.

Dawa ilikwisha kujaribiwa kabla. Mwaka 1993 Sally Floyd na Jacobson walibuni njia ya kutupa pakiti chache mapema, kabla ghala halijajaa. Lakini ilihitaji kurekebishwa kwa ustadi mahali pote, na wengi waliiacha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Jacobson walileta njia nyepesi zaidi, iitwayo CoDel. Hii haiulizi foleni ina urefu gani. Huuliza kila pakiti imengoja muda gani. Kungoja kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa muda wa milisekunde 100, mtambo huanza kudondosha pakiti moja moja, ili mpelekaji apate ile ishara aliyoikosa. Mwaka huo huo Eric Dumazet aliiunganisha na utaratibu wa kugawa zamu kwa haki, hata sauti ndogo ya binti ikaweza kupita kati ya picha kubwa za kaka, na utaratibu huo ukaingizwa katika Linux.

Kazi hiyo ilifika majumbani kwa sababu ya tukio lingine. Mwaka 2003 programu ya ruta ya Linksys WRT54G ilitolewa hadharani, kwa kuwa ilijengwa juu ya Linux, ambayo sharti lake ni kwamba anayeigawa aigawe pamoja na maandishi yake. Mwaka 2004 watu wa kujitolea wakaanzisha OpenWrt, na tangu hapo mtu wa kawaida ameweza kuibadili tabia ya ruta yake.

Je, wewe ufanye nini? Kwanza pima, usikisie: tazama muda wa majibu wakati njia i tupu, kisha wakati mtu anapeleka faili kubwa. Tofauti ikiwa kubwa, foleni ipo. Pili, ikiwa ruta yenu ina utaratibu huo wa haki, iamrishe ipitishe kidogo chini ya uwezo wa waya, kwa mfano asilimia 85 hadi 95. Huku ndiko kuihamisha foleni kutoka modemu isiyo na akili na kuileta katika ruta yenye adabu. Tatu, kumbuka kwamba njia nyingi za DSL hubeba mzigo katika seli za baiti 53, ambazo 48 tu ndizo za mzigo. Usipolihesabu hilo, foleni itarudi modemuni. Na katika njia nyembamba sana, kile kiwango cha milisekunde 5 hakina budi kuongezwa, maana kwa biti 256,000 pakiti kubwa moja pekee huchukua milisekunde 47 kupita.

Sitaki nikudanganye. Marekebisho haya hayaigeuzi njia nyembamba kuwa pana, na picha za kaka zitachukua muda wake. Lakini binti atasikiwa, na baba hatatumia fedha kutibu ugonjwa asioujua.

Basi, ewe kijana, katika habari hii chukua mambo mawili. La kwanza ni kwamba onyo la kweli halizeeki. Likidharauliwa, hurudi na gharama. La pili ni kwamba pakiti moja ikidondoshwa kwa wakati wake huokoa safari za maelfu. Mwenye kukataa hasara ndogo, akaificha ghalani, huenda anajiwekea akiba ya hasara kubwa.