Ukikata Paa la Gari, Nini Kinabaki?

Siku ya sherehe za kitaifa umemwona Rais akizunguka uwanja amesimama kwenye gari la jeshi lisilo na paa. Sasa mfikirie fundi wa Newala, mteja kamletea saloon kuukuu: "Fundi, nikatie paa hili, nataka gari la harusi." Grinda ipo, mashine ya kuchomelea ipo. Je, akate?

Jibu limo kwenye historia ya gari lenyewe.

Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, ilijengwa juu ya chasisi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, mithili ya ngazi iliyolazwa chini. Injini na springi zilishikwa na ngazi hiyo. Bodi ilikuwa abiria tu, na nyingi zilikuwa na paa la turubai. Miaka ya 1920 walowezi wa Kenya waliagiza magari ya Kimarekani, wakayajengea bodi za mbao zilizo wazi ubavuni. Chasisi haikujali kilichokaa juu yake.

Vita Kuu ya Pili ikaleta Jeep. Mwaka 1947 kampuni ya Rover, Uingereza, ilitengeneza gari la majaribio kwa kutumia chasisi ya Jeep, na mwaka 1948 ikazindua Land Rover: chasisi ya chuma, bodi ya aloi ya alumini, paa la turubai. Si unajua njia zetu? Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Simama Shimo la Mungu uone ardhi inavyoporomoka. Kwenda Masasi ni kushuka, kurudi ni kupanda, na mchanga haukosekani. Huko ngazi ya chuma ina kazi yake. Na paa la bati la Land Rover limefungwa kwa bolti: spana inatosha kulitoa.

Saloon ni hadithi nyingine. Citroën ya Ufaransa mwaka 1934, kisha Nash ya Marekani mwaka 1941, ziliondoa ngazi. Sakafu, nguzo na paa vikachomelewa kuwa kitu kimoja. Gari likawa jepesi, lakini paa likageuka kuwa mfupa.

Usiniamini, jaribu mwenyewe. Chukua boksi la viatu, gundisha kifuniko kwa gamu tepu pande zote, shika ncha mbili ulikamue kama nguo iliyoloa. Gumu, sivyo? Toa kifuniko, kamua tena. Linajikunja bila ubishi. Karatasi ni ileile; kilichopotea ni umbo lililofungwa.

Ndivyo saloon iliyokatwa inavyokuwa gurudumu moja likiingia shimoni. Bodi inajipinda, milango inagoma kufunga, kioo cha mbele kinaweza kupasuka, sehemu zilizochomelewa zinaanza kuachia.

Viwanda vililijua hili. Ford Mustang ya wazi ya mwaka 1964 iliongezewa vyuma sakafuni na kwenye vizingiti vya milango, hivyo ikawa nzito kuliko ile yenye paa. Ndiyo, ya wazi ndiyo nzito! Mwaka 1976 Cadillac Eldorado ya wazi ilitangazwa kuwa ya mwisho kutoka viwanda vya Marekani, na hadi Chrysler LeBaron ilipotoka mwaka 1982, aliyetaka gari jipya la wazi la Kimarekani alitegemea karakana za kukata mapaa. Kazi ya maana huanzia chini: imarisha vizingiti na sakafu kwanza, grinda ije baadaye.

Basi fundi wetu aanze kwa kuingia uvunguni. Akiona ngazi, gari litabaki limenyooka hata bila paa. Hapo bado kuna swali la pili: likipinduka, nini kitakinga vichwa? Afunge mabomba imara ya chuma kwenye chasisi, na mikanda iwepo.

Akiona bati la sakafu tupu, aweke grinda chini. Harusi ni siku moja. Jumatatu gari hilohilo litashuka kuelekea Masasi na watoto kiti cha nyuma, na mfupa wake umebaki gereji.