Mkono Ushikao Hatamu

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyomsumbua mwalimu wa lugha, kimoja ni "manage". Kamusi hutupa maneno mengi: kusimamia, kuendesha, kuongoza, kutunza, kumudu, kufaulu. Wingi huo ni dalili kwamba neno lenyewe limesafiri sana, na asiyeijua safari yake huenda akalitumia kwa hasara.

Safari hiyo ilianzia mkononi. Warumi waliuita mkono "manus". Waitalia wakapata "mano", kisha wakaunda "maneggiare", yaani kushika kwa mkono, hasa kumfundisha farasi atii hatamu. Waingereza walilipokea neno hilo katika karne ya 16, na mwanzoni lilihusu farasi. Shakespeare, katika tamthilia ya Richard II, analitumia kwa maana hiyo ya kumdhibiti mnyama. Baadaye likachanganyika na neno la Kifaransa "ménage", lenye asili nyingine kabisa, linalohusu nyumba na matumizi yake. Basi maana mbili zikakaa chumba kimoja: kutiisha na kutunza.

Kutoka kwa farasi neno likahamia kwenye biashara. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, alionya kwamba wanaosimamia fedha za wengine hawatazilinda kwa uangalifu ule ambao mtu hulindia zake. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu kilichotaka kazi ya kiwandani ipimwe kwa saa na kupangwa na wakubwa, mfanyakazi afuate tu. Hapo naona farasi amerudi, ila safari hii ana miguu miwili.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Katika sehemu kubwa ya bara letu mbung'o hakuwaacha farasi wastawi. Kusimamia kumetokana na kusimama, na kuendesha kumetokana na kwenda. Msimamizi, kwa asili ya neno lake, ni mtu aliyesimama karibu na kazi. Lakini tusijisifu mno. Neno mnyapara nalo ni letu, na waliokata mkonge wanajua uzito wake. TANU ilipotoa Mwongozo mwaka 1971 na kukemea viongozi wenye majivuno na dharau, haukupita muda mrefu migomo ikazuka katika viwanda vya Dar es Salaam. Wafanyakazi wale walikuwa wametambua tofauti kati ya kusimamiwa na kushikwa hatamu.

Iko maana nyingine ya "manage", nayo ndiyo yenye mtego: kupata njia ya kupita katika dhiki. Mwingereza aliyelala na njaa, ukimuuliza hali, aweza kukujibu kwa neno hilo hilo, akimaanisha kwamba hajafa bado. Katika miaka migumu iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mkuu mmoja wa shule ya bweni, jirani yangu, aliandika barua wilayani kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi yetu. Alieleza kwamba unga umepungua, akamalizia kwa kusema "we are managing". Alitaka kusema: tunajikongoja. Ofisa aliyeisoma akaelewa: tunaendesha mambo vizuri. Magunia yakaenda kwingine. Baada ya majuma mawili wanafunzi walirudishwa makwao, na wengine kati yao, hasa wasichana, hawakurudi tena shuleni.

Simlaumu mwandishi, wala simtetei msomaji. Neno liliruhusu yote mawili. Hata hivyo, ofisa angefunga safari siku moja akasimama jikoni mwa shule ile, asingehitaji kamusi. Sufuria zingemweleza.

Siku hizi vijana wetu husoma menejimenti vyuoni na kutoka na vyeti vizuri, nami nawatakia heri. Ningewaomba tu wakumbuke kwamba mkono ulioshika hatamu unaweza kumwongoza farasi bila kumtazama usoni, lakini hakuna awezaye kusimamia kazi akiwa mbali nayo. Kila wapewapo taarifa kwamba mahali fulani watu wanamudu, waulize kwanza: wanamudu kwa kula nini?