Oktoba 30 katika historia: Ali amwangusha Foreman, Amin avamia Kagera, Maradona azaliwa

Saa kumi alfajiri si muda wa kupigana ngumi. Lakini Oktoba 30, 1974, watu wapatao 60,000 walikuwa macho kwenye Uwanja wa Mei 20 jijini Kinshasa, wakisubiri Muhammad Ali na George Foreman wapande ulingoni.

Saa hiyo ilipangwa kwa sababu ya pesa. Watazamaji waliolipia kuona pambano kwenye kumbi za Marekani walikuwa bado kwenye usiku wa Oktoba 29, saa nne hivi. Kwa hiyo ukikutana na tarehe 29 mahali fulani, usishangae. Kinshasa ilikuwa tayari tarehe 30, na Dar es Salaam na Nairobi kulikuwa kunakucha.

Pambano lenyewe lilikuwa lifanyike mwishoni mwa Septemba. Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa mbele zaidi ya mwezi mmoja. Tamasha la muziki lililoambatana nalo halikungoja: James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz pamoja na Tabu Ley walipiga shoo Septemba hiyohiyo.

Na nani alilipa? Promota Don King aliwaahidi mabondia wote wawili dola milioni 5 kila mmoja, pesa ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo. Rais Mobutu Sese Seko akakubali serikali ya Zaire ibebe mzigo, ili dunia iitazame nchi yake. Cha kuchekesha, Mobutu hakwenda uwanjani. Aliangalia kwenye televisheni.

Kwa karatasi, Ali hakuwa na lake. Alikuwa na miaka 32. Foreman alikuwa na 25, mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na 37 kati ya hayo alimaliza kwa KO. Joe Frazier na Ken Norton, wote waliowahi kumpiga Ali, Foreman aliwamaliza ndani ya raundi mbili mbili. Wapo waliohofia Ali angetoka pale akiwa ameumizwa vibaya.

Ila mtaani Kinshasa Ali alikuwa ameshashinda zamani. Alikimbia mazoezi na watoto, akapiga stori na kila mtu. Foreman alikuja na mbwa wake wa Kijerumani, aina ileile ambayo Wakongo waliikumbuka kutoka kwa polisi wa Wabelgiji. Uwanja mzima ukaimba "Ali, boma ye!" Hiyo boma si ya kwetu, ya nyumba au ya mkuu wa wilaya. Kwa Kilingala maana yake ni "Ali, muue!"

Kuanzia raundi ya pili Ali akaegemea kamba, akajikinga uso, akamwacha Foreman atupe makonde hadi mikono ikachoka. Hata watu wa kona yake walimpigia kelele atoke pale. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde chache kengele ilie, Ali akajibu kwa mfululizo wa ngumi na Foreman akaanguka. Mkanda aliovuliwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda jeshini wakati wa vita vya Vietnam ukarudi mikononi mwake.

Foreman naye hakuishia hapo. Mwaka 1994 alichukua tena ubingwa wa dunia, akiwa na miaka 45. Na filamu ya pambano la Kinshasa, When We Were Kings, ilitoka 1996 na kushinda Oscar.

Miaka minne baadaye: Kagera

Oktoba 30, 1978 ilipokucha, wakazi wa kaskazini mwa Mto Kagera hawakuwa na habari za ngumi. Majeshi ya Idi Amin, ambayo yalikuwa yakichokoza mpakani mwezi wote ule, yaliingia Tanzania kwa nguvu kubwa. Raia waliuawa, wanawake walibakwa, ng'ombe waliswagwa kuvukishwa mpaka, kiwanda cha sukari kikaporwa. Maelfu walikimbia kusini na walichoweza kubeba.

Novemba 1, redio ya Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote kaskazini ya mto, kama kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda, na ikajigamba kwamba kazi hiyo ilichukua dakika 25 tu. Siku iliyofuata Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa na kutangaza kwamba Tanzania itampiga. Waliokuwa na umri wa kusikiliza redio wakati ule wengi bado wanaikumbuka hotuba hiyo karibu neno kwa neno.

Katikati ya damu hiyo Amin, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi Uganda, akatoa pendekezo: yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na refa awe Muhammad Ali! Kwa waliokuwa wanazika ndugu zao Kagera, haukuwa utani. Nyerere hakujibu kwa glovu. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala Aprili 11, 1979, na Amin akakimbia.

Ali alifika Dar es Salaam kweli, lakini mwaka 1980 na kwa shughuli nyingine. Rais Jimmy Carter alimtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Nyerere alikataa kumpokea. Tanzania haikupenda Marekani kumtuma mwanamichezo badala ya mwanadiplomasia, na ikapeleka timu yake Moscow kama kawaida.

1938: redio iliyowatisha Wamarekani (kidogo)

Jumapili ya Oktoba 30, 1938, kijana wa miaka 23 aitwaye Orson Welles alirusha mchezo wa redio kwenye CBS kutoka riwaya ya H.G. Wells ya mwaka 1898, The War of the Worlds. Mchezo ulitengenezwa kama taarifa ya habari: muziki unapigwa, unakatizwa ghafla, mtangazaji anasema viumbe kutoka sayari ya Mars wametua New Jersey.

Kesho yake magazeti yakaandika kwamba nchi nzima ilipagawa. Hapo ndipo stori ilipoongezewa chumvi. Ni kweli wapo walioogopa, na simu za polisi na za magazeti zilikuwa nyingi. Lakini uchunguzi uliofanywa kwa simu usiku uleule ulikuta ni asilimia 2 hivi tu ya waliopigiwa waliokuwa wakisikiliza kipindi hicho. Wengi walikuwa kwenye kituo kingine, kwenye vichekesho vya Edgar Bergen. Magazeti yalikuwa yakipoteza matangazo ya biashara kwa redio, na yalikuwa na kila sababu ya kuionyesha redio kuwa kitu cha hatari. Welles hakulalamika. Alipata umaarufu, na mwaka 1941 akatoa filamu ya Citizen Kane.

1961: bomu kubwa kuliko yote

Siku hiyo Wasovieti walilipua bomu la nyuklia juu ya visiwa vya Novaya Zemlya, kaskazini kabisa. Nguvu yake ilikuwa megatani 50 hivi, zaidi ya mara 3,000 ya lile la Hiroshima. Na hapo lilikuwa limepunguzwa. Mpango wa awali ulikuwa megatani 100. Liliangushwa kwa parashuti ili ndege ipate muda wa kukimbia, na mwanga wake ulionekana umbali wa kilomita 1,000. Hakuna bomu lililowahi kulipuliwa, kabla wala baada, lililolifikia. Mmoja wa wanasayansi waliolitengeneza, Andrei Sakharov, alikuja kupewa Nobel ya Amani mwaka 1975.

1960: Diego

Diego Maradona alizaliwa Oktoba 30, 1960, akakulia Villa Fiorito, kitongoji cha maskini pembeni ya Buenos Aires. Mengine unayajua: Kombe la Dunia 1986, ubingwa wa Italia mara mbili na Napoli, dawa za kulevya, vifungo vya kutocheza.

Pengine hujui kwamba refa aliyelikubali lile goli la mkono dhidi ya England alikuwa Mwafrika mwenzetu, Ali Bin Nasser wa Tunisia. Alibaki na mpira wa mechi ile, na mwaka 2022 ukauzwa mnadani kwa pauni milioni 2.

Maradona alifikisha miaka 60 Oktoba 30, 2020. Siku 26 baadaye akafariki. Huko Argentina lipo "kanisa" la mashabiki wake lililoanzishwa Rosario mwaka 1998. Usiku wa kuamkia Oktoba 30 wanasherehekea Krismasi yao, na miaka wanaihesabu kuanzia 1960.