Kontena na walinzi wake: historia fupi

Vijana wanaojifunza programu hapa kwetu Laiser Hill huniuliza swali moja: nilinde kontena zangu kwa Trivy au kwa Falco? Huwa nawajibu kwa historia, maana kila zana ilizaliwa na tundu fulani ukutani.

Tuanze na kuta zenyewe. Mwaka 1979 Unix toleo la 7 lilileta chroot, njia ya kuifanya programu ione folda moja tu. Yenye mamlaka ya root iliweza kutoroka. Mwaka 2000 FreeBSD ikaleta jail, yaani jela, iliyotenga pia watumiaji na mtandao. Linux ikapata cgroups na LXC mwaka 2008, na Machi 2013 Solomon Hykes akaionyesha dunia Docker.

Ukikaa kwenye ploti ya kupanga pale Kitengela utanielewa upesi. Kila mpangaji ana chumba na kufuli lake, lakini paa ni moja. Paa hilo ndilo kerneli.

Watu wakaanza kupakua imeji za wenzao bila kujua kilichomo. Mwaka 2015 CoreOS ikatoa Clair, ya kukagua vifurushi vyenye udhaifu unaojulikana; Trivy ikafuata mwaka 2019. Falco ya Sysdig, ya mwaka 2016, kazi yake ni nyingine: huitazama kontena ikiwa kazini, na kupiga kelele ikigusa isichopaswa kugusa.

Sababu zipo. Mwaka 2018 Docker Hub iliondoa imeji 17 za akaunti moja zilizoficha uchimbaji wa sarafu ya Monero, zikiwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 5. Februari 2019 likatangazwa tundu la runc, ile keateka inayowafungulia wapangaji vyumba: kontena ovu iliweza kuiteka runc na seva nzima.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Seva yangu yenye daftari la michango ya chama kimoja ilianza kujivuta. Nikakagua imeji zote, safi! Kumbe niliiacha poti 2375 ya Docker wazi kwa intaneti, bila nywila. Mgeni alikuwa akianzisha kontena zake humo na kuchimba sarafu. Anayeingia kwa mlango huo ana mamlaka ya root, hivyo hata daftari lilikuwa mikononi mwake. Ilibidi niwaambie wanachama, tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72 data binafsi ikivuja na kuwepo hatari ya kweli ya madhara.

Kwa hiyo usianze na jina la zana. Funga poti, usiendeshe kontena kama root, sasisha kerneli na runc. Hayo hayana gharama. Kisha Trivy kabla ya kupandisha kazi kwenye seva, na Falco baada ya hapo.

Wewe je, geti lako umelikagua leo? Tuonane tena.