Uhuru Uliofichwa: Usawiri wa Jim katika Adventures of Huckleberry Finn

Riwaya ya Mark Twain, Adventures of Huckleberry Finn, ilichapishwa Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, takribani miaka ishirini baada ya utumwa kukomeshwa kikatiba. Hata hivyo, mandhari yake ni bonde la Mto Mississippi kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Pengo hilo la wakati linasaidia kuuelewa mwisho wake, ambao baadhi ya wahakiki wameuona kuwa dhaifu.

Katika sura za mwisho, Jim, mtumwa aliyetoroka, amefungiwa kibandani katika shamba la akina Phelps. Tom Sawyer anabuni mbinu ndefu za kumtorosha, zinazomtesa Jim kwa ajili ya mchezo tu. Hatimaye inabainika kwamba Miss Watson, aliyekuwa akimmiliki, alikwisha kufa na kumwacha huru kwa wosia. Tom alilijua hilo tangu mwanzo.

Twain alianza kuiandika kazi hiyo mwaka 1876 na kuikamilisha mwaka 1883. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 1877, serikali kuu iliacha kutumia majeshi kuwalinda Weusi wa Kusini, nao waliokuwa huru kisheria wakazidi kunyang'anywa haki zao. Hali ya Jim inalandana na yao: uhuru umeandikwa, lakini anayeujua anauficha. Kwa hiyo, hata kama mwisho huo una dosari za kifani, kimaudhui ni shutuma. Naye Jim, anayeuhatarisha uhuru wake ili Tom aliyejeruhiwa atibiwe, ndiye kipimo cha utu katika riwaya hiyo.