Chatu mdogo kagoma kula? Angalia haya kwanza

Wadau, chatu huyu (Python regius) asili yake Afrika Magharibi na Kati. Akiogopa hujikunja kama mpira, kichwa ndani. Marekani na Ulaya wanamfuga sana nyumbani. Anayeanza kufuga akiona nyoka kagoma kula, anamshikashika kila saa. Hapo ndo anaharibu! Wiki ya kwanza muache atulie. Pima joto: upande mmoja wa boksi nyuzi 31 hadi 33 za Sentigredi, mwingine 25 hadi 27. Weka maficho mawili na maji safi. Mara moja kwa wiki mpe panya aliyekufa, asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe. Panya hai anaweza kumng'ata. Akishakula, usimguse siku 2. Akianza kukonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huyu anaishi miaka 20 na zaidi, so jipange!