Kimo cha Nchi na Chanzo cha Mto Ruvuma

Dakta Livingstone alipouingia mto Ruvuma kwa merikebu mwaka 1861, alitumaini ya kuwa utamfikisha Ziwa Nyasa. Maji yakapungua, akarudi. Mwaka 1862 akajaribu tena kwa mashua, hata miamba ikamzuia njia. Sisi tukaao Songea twajua ya kuwa Ruvuma huanzia milima yetu ya Matogoro, wala hautoki ziwani. Lakini tusimcheke upesi, kwa maana mtu aliye chini mtoni haoni kimo cha nchi iliyo mbele yake.

Na neno lenyewe ni kimo. Uso wa Ziwa Nyasa uko mita 470 hivi juu ya bahari, na mji wa Songea umepita mita 1,000. Maji ya ziwa yangepandaje mpaka huku? Tena katika Matogoro matone matatu ya mvua yaweza kuachana njia kabisa: moja hushuka na Ruvuma mpaka Bahari ya Hindi, la pili hufuata Luegu mpaka Rufiji, la tatu huingia Luhira na kuishia Nyasa. Hatua chache za mwinuko ndizo ziamuazo.

Siku hizi vimo hivyo vimeandikwa kwa nchi karibu zote. Tarehe 11 Februari 2000 chombo cha anga kiitwacho Endeavour kilirushwa kutoka Marekani na watu sita ndani yake, kikaizunguka dunia siku 11. Kilituma mawimbi ya rada ardhini, na mwangwi wake ukapokewa mahali pawili: katika chombo chenyewe, na mwisho wa mlingoti wenye mita 60. Kama vile macho mawili yajuavyo umbali kuliko moja, ndivyo kimo kilivyopatikana. Februari kwetu ni mwezi wa mvua, lakini mawimbi yale hupenya mawingu.

Kwanza Afrika ilipewa hesabu ya kila mita 90. Tangu Septemba 2014 ikapewa ya kila mita 30, tena bure, nayo ikatangulizwa mbele ya mabara mengine. Mwenye kompyuta atafutaye Songea na achukue kipande S11E035, maana kila kipande huitwa kwa pembe yake ya kusini-magharibi: latitudo 11 kusini, longitudo 35 mashariki. Ndani yake mna namba karibu milioni 13, kila moja ikiwa kimo kwa mita. Kompyuta ikizilinganisha jirani kwa jirani, huchora yenyewe njia za maji na mipaka ya mabonde.

Lakini kuna hila moja. Penye msitu mnene mwangwi hurudi zaidi kutoka matawini kuliko kutoka ardhini, basi chemchemi iliyo chini ya miti mirefu huonekana juu kuliko ilivyo. Kijiji kitakacho kuteremsha maji yake kwa bomba bila mashine chaweza kununua mabomba yote, kisha maji yasifike. Namba zile zatosha kuchagua bonde. Bomba lenyewe hupimwa kwa miguu, kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi wa misingi. Tena vimo hivyo ni vya mwaka 2000: bwawa lililochimbwa baadaye halimo.